Zulia Lililokatwa Bila Maji

Itto alimzika mume wake akiwa amekalia mfuko wa mbolea.

Nyumba ilijaa wageni, na chini ya wageni yalitandikwa mazulia yake: lile la mistari myeusi alilofuma akiwa bibi arusi, lile jekundu la mwaka wa ukame, na lile dogo la pembe-pembe lililomharibia macho. Wanaume walinywa chai ya nanaa juu yake, wakaimwaga, wakaifuta kwa kiganja. Jikoni Itto aligeuka huku na huku akitafuta pa kukaa. Sakafu ilikuwa baridi kama chuma. Akavuta mfuko mtupu wa mbolea uliokuwa nyuma ya mlango, akaukalia, akalia. Alipomaliza kulia ndipo alipoona amekalia nini.

Hapo ndipo hasira ilipomwingia.

Kijiji chao, Taghzut, ni kijiji cha wafumaji, na mfumaji wa Taghzut hakalii zulia lake. Akiwa msichana hufuma la kwenda nalo kwa mume. Akifika kwa mume hufuma la mama mkwe, kisha la wageni, kisha la kuuza. Lile lililouzwa kumtibu Haddu, mume wake, Itto hakulilalamikia kamwe. Haddu alitoka kwenye mgodi wa makaa na kifua kilichojaa vumbi, na kwa ajili ya Haddu angeuza hata nywele zake. Lakini Asu, mdogo wake Haddu, aliuza zulia jingine akanunua pikipiki. Pikipiki ikaingia korongoni kabla theluji haijayeyuka. Asu akatoka mzima, akajipangusa, akasema Mungu mkubwa.

"Mungu ni mkubwa," Itto alisema, "lakini zulia lilikuwa langu."

 Watu walidhani ni uchungu wa mume kuugua.

Siku alipovua nguo nyeupe za eda alikwenda kwa mama mkwe wake, bibi kizee Tuda, aliyekuwa akiota moto.

"Mama, nataka kufuma zulia."

"La nani?"

"Langu."

"Najua ni lako, mkono ni wako. La kumpa nani?"

"La kukalia mimi. Na la kulalia. Nikifa mnifunike nalo mpaka kaburini, kisha mlirudishe, alikalie mwanamke mwingine."

Tuda alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hata nyuki hali asali yake yote."

"Hata nyuki huumiza, mama, akichokozwa."

Mwaka ule kondoo wote na mazulia ya zamani vilikuwa vimeuzwa kwa sababu ya ukame mwingine, na sufu haikuwepo. Itto akaanza kuikusanya kwenye miiba. Kondoo wa watu wengine walipopita kwenye nyua za miiba waliacha vinyweleo, naye akavifuata asubuhi na mapema, akivitoa kimoja kimoja, vidole vikitoka damu. Mchana alichuma matufaha kwenye mashamba ya watu wa bondeni. Jioni aliiosha sufu mtoni, akaichana, akaisokota.

Asu alimkuta uani siku moja, akasimama, mikono mifukoni.

"Shemeji, umebakiza mbwa wangu tu hujamkwangua."

"Mbwa wako hana manyoya. Huwa humlishi."

"Ulimi huo ndio uliomuua kaka yangu."

"Kaka yako aliuawa na makaa. Wewe utauawa na uvivu, ila utachelewa, maana hata kufa kunataka bidii."

Tuda alicheka peke yake ndani. Asu akaenda zake akipiga mawe teke.

Watu husema subira huvuta heri. Itto subira yake yote aliitumia kwenye ndoa, na heri haikuvutika. Kilichobaki mkononi ni hasira, basi akafuma kwa hiyo. Alisimamisha kitanda cha kufumia kwenye chumba cha Tuda, boriti moja chini na moja juu, akatandaza nyuzi za mtande katikati, zimekazwa hata ukizigusa zinalia. Mbele yake hakuweka mto wala ngozi ya mbuzi kama wafanyavyo wengine. Aliweka ule mfuko wa mbolea. Asubuhi ambazo mwili ulikataa, kabla ya kukanda unga wa shayiri, aliutazama mfuko, na mwili ukakubali.

Kidole gumba kilimvimba kwa mwiba, kikatoa usaha, akashindwa kushika chanuo la chuma la kushindilia. Izza, jirani yake na rafiki wa tangu utotoni, alimfunga dawa ya majani.

"Shoga, pumzika. Utafuma msimu ujao."

"Nikipumzika nitazoea."

"Utazoea nini?"

"Kukalia mfuko. Nimewahi kuzoea mambo, Izza. Najua inavyokuwa. Siku moja unaamka na huoni tena."

Akafuma kwa mkono wa kushoto, vibaya, kisha akafumua alichofuma, kisha akafuma tena. Zulia likapanda. Lilikuwa la rangi ya sufu yenyewe, jeupe la maziwa na la kahawia, kwa kuwa rangi za kununua hakuwa nazo. Ilipoanza theluji lilikuwa limemfikia kifuani.

Siku hiyo alikwenda kusagisha shayiri bondeni. Tuda alikuwa kwa Izza akiota moto. Itto aliporudi, gunia la unga mgongoni, alisimama mlangoni akaona mwanga unapita mahali ambapo haupaswi kupita.

Kitanda cha kufumia kilikuwa kitupu. Juu, nyuzi zilining'inia kwenye boriti kama nywele za mtu aliyenyongwa. Chini hapakuwa na kitu. Mkasi wa kunyolea kondoo ulikuwa umetupwa juu ya mfuko wa mbolea.

Hakupiga kelele. Aliweka gunia chini taratibu, maana unga ni unga. Kisha akaenda kumtafuta Asu, akamkuta ukumbini anajimiminia chai.

"Liko wapi?"

"Shemeji, kaa kwanza nikueleze."

"Nikae wapi?"

Asu hakuelewa swali. "Kuna bwana mmoja mjini ana malori ya mawe. Anatafuta dereva. Mtu hawezi kwenda kuomba kazi mikono mitupu. Na lile lilikuwa limetosha, kwa kutandika kando ya kitanda cha kulalia linatosha kabisa. Nimeliacha na matamvua ya shubiri nzima, limependeza. Nikipata mshahara nitakununulia sufu, ufume jingine kubwa."

"Jingine."

"Wewe ni kufuma tu, shemeji. Unachopungukiwa ni nini?"

Wakati huo Tuda alikuwa amefika mlangoni na fimbo yake. Aliwatazama, akatazama kule chumbani, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Asu. Nani alinyunyiza maji?"

"Maji gani, mama?"

"Zulia likikatwa! Nani alinyunyiza maji? Nani alisema maneno?"

"Nilikuwa na haraka, mama. Gari lilikuwa linaondoka."

Fimbo ya Tuda ilimpata begani kabla hajamaliza. Taghzut nzima inajua kwamba zulia likiwa kwenye mtande lina roho, na siku ya kulikata huoshwa kama maiti. Wanawake hulinyunyizia maji na kuliaga, na mwanamume hatii mguu. Likikatwa kavu, roho yake hutafuta nyingine ya kuandamana nayo.

"Umeliua bila maji! Tena umeliua likiwa na mimba, halijaisha! Nani mkubwa katika nyumba hii, mwehu wewe? Kifo kikibisha hodi kitamkuta nani karibu na mlango? Mimi niliyekunyonyesha!"

"Mama, hayo ni mambo ya wanawake."

"Na wewe umeingiza mkasi kwenye mambo ya wanawake!"

Itto aliwaacha. Usiku ule hakulala. Kulipopambazuka alimwamsha Izza, wakashuka mjini kwa miguu kwenye theluji, wakaulizia nyumba ya mwenye malori.

Alifungua mke wake, mwanamke mnene wa bangili za dhahabu, lakini kidevuni alikuwa na chale za wanawake wa milimani.

"Zulia lililoletwa jana na mtu anayeitwa Asu," Itto alisema, "ni langu."

"Dada, mume wangu kapewa zawadi. Zawadi hairudi."

"Sikuja kubishana nawe. Nimekuja kukwambia tu kwamba halikuoshwa."

Bangili zikanyamaza. "Halikuoshwa vipi?"

"Alilikata mwanamume. Kwa mkasi wa kondoo. Halijaisha, na halikupata tone la maji. Limelala wapi jana?"

"Chumbani kwangu," mwanamke alisema, sauti imeshuka.

"Nani mkubwa hapa kwenu?"

"Mama mkwe."

"Anaendeleaje?"

Mwanamke aliangalia nyuma, ndani ya nyumba. Kwa ndani mtu alikohoa. Kwenye baridi ile kila mtu alikuwa anakohoa, hata jogoo, na Itto alijua hivyo, akanyamaza.

Zulia lilitolewa nje kwa ncha za vidole.

"Chukua mtu wako," mke wa mwenye malori alisema. "Na umwambie huyo Asu asikanyage hapa."

Njiani Izza alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Itto hakucheka. Zulia lilikuwa begani, na matamvua ya Asu yalimpiga usoni kila hatua.

"Wewe mwenyewe unaamini mambo ya roho ya zulia?" Izza aliuliza.

"Sijui. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hachagui jiwe. Huokota lililo karibu."

Asu alisikia habari kabla hawajafika. Alimngojea uani.

"Umenikosesha kazi! Unajua nimehangaika kiasi gani? Unadhani ni wewe peke yako uliyechoka katika nyumba hii? Sina mke, sina kazi, nalala kwenye chumba alichofia kaka yangu!"

Hayo yalikuwa kweli, na Itto aliyasikia. Akamtazama shemeji yake, mtu mzima mwenye mikono mipana mizima.

"Kazi ipo. Njoo unisaidie kufunga nyuzi."

"Nifanye kazi ya wanawake?"

"Kukata uliweza."

Asu alitema mate chini akaondoka. Alikaa kwa mjomba wake mpaka majira ya kuchipua.

Ilibidi kila uzi uliokatwa uunganishwe na mwenzake. Itto aliilegeza boriti ya juu, akaishona ncha ya zulia kwenye boriti ya chini, akaanza kufunga, uzi wa chini na uzi wa juu, fundo, uzi wa chini na uzi wa juu, fundo. Ukikaza mno mmoja, zulia litajikunja. Ukilegeza, litatoa tumbo. Alifunga upande mzima, akaona umepinda, akaufungua wote. Siku ile alitupa chanuo ukutani likabomoa udongo. Alimtukana Asu, akamtukana mwenye malori asiyemjua sura, akamtukana Haddu kwa kufa, akawatukana wote waliowahi kumwaga chai. Kisha akaokota chanuo. Tundu la ukutani lipo mpaka leo.

Tuda alihamishia godoro lake mbele ya kitanda cha kufumia, akalala hapo na fimbo, kwa kuwa aliamini kwamba roho yake imening'inia pamoja na nyuzi zile.

"Fungeni upesi," alimwambia Izza aliyekuja kusaidia. "Mimi nipo nusu huku, nusu kule."

"Bibi, nusu ya kula ipo huku. Naiona na mkate wake."

"Funga, mtoto mjinga wewe."

Mafundo hayakufichika. Itto alifuma juu yake sufu nene, lakini ukipitisha mkono unayahisi, mstari mzima wa vifundo kutoka ukingo hadi ukingo, kama kovu la mtu aliyepasuliwa. Izza alisema ni aibu, wafumaji watacheka. Itto alisema wacheke.

Zulia lilikwisha miti ya lozi ilipotoa maua. Wanawake wakaja. Tuda mwenyewe alichota maji, akalinyunyizia akisema, "Tumekunywesha, nawe usituache na kiu. Nenda kwa amani, utuachie sisi wetu." Alirudia mara kadhaa, ili kuwe na hakika. Itto akakata uzi wa mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele. Ule mfuko wa mbolea akaukunja, akaziba nao dirisha la zizi la mbuzi.

Asu alikuwa amerudi. Alipata kibarua kwenye machimbo ya mawe, na yeye na Itto walizungumza ya lazima tu: chumvi, kuni, dawa ya mama.

Siku ya Idi alikuja na wageni, wanaume watatu kutoka machimboni. Itto alikuwa amekaa katikati ya zulia lake, mgongo ukutani, glasi ya chai mkononi. Wageni walivua viatu, wakasimama kwenye kizingiti wakisubiri, kama wageni wasubirivyo.

"Shemeji," Asu alisema. "Wageni."

"Nawaona. Karibuni, Idi njema."

"Zulia."

"Nimelikalia."

Asu alimtazama mama yake, aliyekuwa amekaa kando ya Itto. Tuda, tangu enzi za mumewe, alikuwa ndiye anayesema mazulia yatandikwe wapi. Bibi kizee alipapasa mstari wa mafundo kwa kidole, taratibu.

"Watandikie mkeka, Asu," alisema. "Kisha usogee, unanizibia jua."

Shingo ya Asu ikajaa damu. Kisha akaenda kuleta mkeka. Wageni wakakaa juu yake, na Itto akawamiminia chai kutoka pale alipokuwa, akiunyosha mkono wake mbali, bila kuinuka.