Ukingo wa Uvimbe

Siku ya kwanza kazini nilipewa vioo vya hadubini nioshe. Nilikuwa na kidato cha nne tu. Daktari, mama wa makamo aliyekuwa bosi wa maabara yetu pale Themi, aliniambia bila hata kuniangalia: "Ukivunja kimoja, umevunja majibu ya mtu." Nilimchukia wiki nzima.

Nyie mabinti mnaoniuliza kupima kinyama kukoje, ni hivi. Kipande cha mwili kinalowekwa kwenye fomalini kisioze, kinazamishwa kwenye nta mpaka kigande, kisha unakikata kwa mashine, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Unaupaka rangi, waridi na zambarau. Nilipopandishwa kwenye kukata, ndipo nikaruhusiwa kuchungulia hadubini.

"Unaona nini?"

"Madoa, Daktari."

"Madoa yapo kwenye khanga yako. Tazama tena."

Akanifundisha. Saratani iliyozoeleka ya ukuta wa ndani wa kizazi utaijua kwa vijitezi vilivyobanana na kupinda ovyo. Lakini upo uvimbe adimu usio na vijitezi, seli ndogo za mviringo tupu, zote sura moja. Nao ni wa aina mbili: mmoja mpole, umetulia palepale, mwingine ni saratani, unatoa ndimi zinazopenya kwenye msuli wa kizazi. Katikati zinafanana kabisa. Kwenye ukingo ndipo zinapoachana.

Sasa sikilizeni kilichonichefua. Mama Naomi, mke wa mwenye bucha wa Sakina, alishaambiwa hospitali nyingine kuwa ana hiyo saratani iliyozoeleka. Kizazi kikatolewa, akaambiwa amwachishe kichanga wake ziwa, ajiandae kwa dawa kali. Mumewe alikabidhiwa kizazi ndani ya ndoo ya fomalini atuletee. Akatuletea kipande kwenye kopo.

Daktari alitazama kioo nilichomwandalia, akakisogeza huku na huko. "Hakuna vijitezi. Ukingo uko wapi?"

Nikampigia mume.

"Baba Naomi, kizazi kilichobaki kiko wapi?"

"Kipo nyumbani kwenye ndoo. Bibi yake Naomi anataka tukakizike shambani. Nyie nimewakatia katikati, dada. Pale pazuri."

"Pazuri! Unatuuzia steki?"

"Sasa ndoo nzima ya nini? Mnapima au mnapika?"

"Mkeo atapewa dawa za ugonjwa ambao huenda hana, kwa sababu ya kisu chako! Lete ndoo. Na usikate tena!"

Alikuja na bodaboda, ndoo kaikumbatia. Tukakata ukingo wote kuuzunguka ule uvimbe, vioo juu ya vioo. Daktari alivipitia, kesho yake akavirudia vyote. Kisha akaniita: "Njoo uone." Ukingo ulikuwa laini. Hakuna ulimi hata mmoja.

Mama Naomi akaitwa, akaelezwa taratibu: uvimbe mpole, umetoka wote, dawa kali hazihitajiki, atarudi kliniki kuangaliwa tu.

Aliuliza kitu kimoja. "Naweza kumnyonyesha?"

"Nyonyesha, mama," Daktari alisema.

Mimi nimeacha kazi, nalea wangu wawili hapa Levolosi, na hasira bado ninazo. Ukiambiwa peleka kizazi, peleka chote! Lakini zikinizidi, namkumbuka Mama Naomi siku ile kwenye benchi la korido, kafungua vifungo. Mtoto alikataa kwanza, akageuza uso, akalia. Mama yake akasubiri. Halafu mtoto akashika ziwa.