Baiskeli Bila Mkate

Mume wangu alisambaza mkate kwa baiskeli kwa miaka kumi na minane. Kila siku isipokuwa Jumapili alipakia kreti zake kwenye kiwanda kidogo kule Kawangware, akazungukia vibanda kimoja kimoja, na kufikia saa nne alikuwa ameshashuka kwetu Laini Saba, Kibera, jasho likimtiririka na shati likinukia hamira. Kisha mwenye kiwanda akanunua tuktuk mbili. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba baiskeli zimepitwa na wakati. Mume wangu akarudi nyumbani, akaiegemeza yake nyuma ya mlango na kuifunika kwa leso yangu kuukuu.

Mimi nikiudhiwa mtaa mzima husikia, kwa hiyo nilimngoja afoke ili nimsaidie kufoka. Hakufoka. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba akitazama watu wakipita relini. Vibarua vya mjengo vilipopatikana alivifanya, akarudi, akakaa tena. Nikimuuliza nipike nini, alisema chochote. Nikimuuliza tuende kanisa la huku au la kule, alisema popote. Kwa miezi saba sikumsikia akisema anataka kitu, hata kikombe cha chai. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu Kitui nilimwona baba yangu mdogo akikaa vivyo hivyo baada ya ng'ombe wake kuisha kwa ukame, na yule hakuinuka tena.

Wazo lilinijia nikiwa kwenye cherehani. Mvua ilikuwa imenyesha ikaosha hewa, nikainua macho kutoka kwenye sketi ya mtu nikaona vilima vya Ngong vimesimama pale magharibi, vya buluu, karibu hadi ungedhani viko nyuma ya mabati ya jirani. Nimeishi Kibera miaka ishirini na miwili nikiviona. Sikuwahi kufika. Nilijionea haya, kusema kweli. Jioni nikamwambia mume wangu twende Ngong na baiskeli wikendi, pole pole, tulale kwa dada yangu aliyehamia huko majuzi, turudi Jumapili.

"Tunapeleka nini?" akauliza.

"Hatupeleki kitu. Tunaenda kuona."

"Kuona nini, mama watoto?"

"Milima, mzee. Si ile pale?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta dalili za malaria. Kwake baiskeli iliyokuwa safarini bila mzigo ilikuwa baiskeli iliyopotea. Mwishowe akasema sawa, ile sawa yake ya miezi saba, isiyo na chumvi.

Tukaanza kupanga. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba tutoke saa tisa usiku.

"Saa tisa kwa nini?"

"Tufike maduka yakifunguliwa."

Nilicheka hadi mkasi ukaanguka. Mazoea yana taabu. Nilimwambia hakuna duka linalotungoja, tutakunywa chai na mandazi nyumbani, tutatoka saa mbili kama watu wenye nafasi zao. Alijikuna kidevu. Nadhani alitaka kucheka, lakini alikuwa amesahau pa kuanzia.

Nilimpa kipande cha katoni na chaki yangu ya kushonea anichoree njia, na hapo nikapigwa na butwaa. Mtu huyu hakuchora barabara. Alichora miinuko. "Hapa mlima ni mwongo," akasema, "unauona mfupi lakini unakula mapaja. Hapa usishike breki, kuna changarawe. Hapa upepo unakupiga kwa ubavu, lakini tu baada ya adhuhuri." Kona ambazo nimezipitia mara elfu nikiwaza mambo yangu, yeye alizijua kwa magoti. Nimelala ubavuni mwa mwanamume huyu ujana wangu wote nikidhani kazi yake ni mkate, kumbe ndani yake alibeba mji mzima, kila mwinuko na kila mteremko. Chaki ilipofika mahali ambapo vibanda vyake viliishia, akaiweka chini. Huko mbele hakukujua.

Jumamosi ya kabla ya safari tukaenda kujaribu kwenye uwanja wa Kamukunji, hapo hapo Kibera. Alikuwa ameipaka baiskeli mafuta, akajaza tairi upepo, na kreti akaziacha nyumbani. Akapanda. Hata hatua kumi hakumaliza, akaanguka. Wanasema kuteleza si kuanguka, lakini huyu hakuteleza, alianguka. Mikono yake ilizoea kupigana na mzigo. Aliposukuma usukani kwa nguvu zile zile, baiskeli nyepesi ikageuka ghafla ikamtupa vumbini. Akapanda tena, akaanguka tena. Akina mama waliokuwa wakiuza viazi karai kando ya uwanja walishika mbavu.

"Buda, hiyo imekukataa!" mmoja akapaza sauti.

Alijipangusa, akaanza kuikokota kuelekea nyumbani. Nilijua akifika, ile leso itarudi juu yake na haitatoka tena. Hasira zikanipanda, si kwake, si kwa wale akina mama. Nikamkimbilia, nikakunja sketi, nikajipandisha kwenye keria, nyuma ya kiti.

"Endesha," nikasema.

"Utaanguka."

"Mimi ni kreti ngapi?"

Alinipima kwa jicho, bila haya, kama mtu wa kazi. "Tano. Tano na nusu."

"Basi endesha."

Alisukuma mara mbili, akaruka juu, na baiskeli ikanyooka kama uzi uliovutwa. Nilihisi mgongo wake ukitulia mbele yangu. Tuliuzunguka uwanja mzima, na wale waliocheka wakaanza kupiga vigelegele. Mimi niliyemshonea mashati miaka yote sikuwahi kupanda baiskeli yake hata siku moja. Nilikuwa naona haya kuchukua nafasi ya mkate.

Jumamosi iliyofuata tukatoka saa mbili kamili. Sitasema uongo kwamba ilikuwa starehe tupu. Makalio yangu yana ushahidi. Penye mlima mkali nilishuka nikatembea, na penye tambarare nikapanda. Tulipita mashamba ya sukuma wiki na mahindi, mabonde yenye ukungu, ng'ombe waliotutazama bila kuacha kutafuna. Hewa ilinukia nyasi mbichi. Tulisimama kila tulipojisikia, na mara ya kwanza hakujua afanye nini na mikono yake.

Jumapili asubuhi tulipanda kilele, yeye akiikokota baiskeli, mimi nikihema nyuma. Tulipita chini ya mitambo mirefu ya upepo, mapanga yake yakivuma juu ya vichwa vyetu, tukafika ukingoni, na dunia ikafunguka. Bonde la Ufa lilikuwa chini yetu, kubwa kupita neno lolote nililokuwa nalo, la rangi ya udongo na la zambarau, vivuli vya mawingu vikitembea juu yake kwa utulivu. Nilishika kifua. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kikamba, na machozi yakanitoka. Miaka ishirini na miwili hili lilikuwa upande wa pili wa vilima, nami nikifupisha masketi ya watu.

Mume wangu alisimama muda mrefu sana, upepo ukimvuta koti, hadi nikaanza kuogopa tena kwamba hata hili halikumfikia. Kisha akainua mkono akaonyesha chini kabisa, mahali ambapo kijia chembamba cha vumbi kilizunguka kilima kidogo kikapotea.

"Ile barabara," akasema. "Nataka kujua inaenda wapi."

Nilimgeukia. Hakuwa akinitazama, macho yalikuwa kule chini, yakipima mteremko. Nikakunja sketi, nikapanda kwenye keria.