Moto wa Mama Yosina

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Misitu alinikabidhi sufuria, panga na kiberiti, akasema, "Mama Rehema, ugali ukiungua nitakula hivyo hivyo. Moto ukizimika, urudi kwenu." Nikamwona mtu wa maneno mengi. Mimi mzaliwa wa milima ya Usambara, shule niliishia darasa la nne, lakini moto nauwasha tangu nina meno ya utoto. Nani wa kunifundisha moto?

Alinifundisha, tena kwa ukali. Ninyi vijana wa Toronto mnabonyeza kitufe chakula kinaiva, kwa hiyo niwaeleze. Mpishi wa kambi ya msituni si mpishi wa hoteli. Watu wanaotoka asubuhi kuangalia miti na ndege hurudi jioni, na ukungu ukishuka mtu haoni hata kiganja chake. Kupiga kelele hakusaidii. Sauti inagonga miti inarudi na uongo, unaitwa kushoto unakwenda kulia. Kinachomrudisha mtu ni pua. Ndiyo maana jua likianza kuinama mpishi hufukiza: analaza majani mabichi juu ya makaa mpaka moshi uwe mzito, na kuanzia hapo habanduki jikoni hadi wa mwisho afike. Kuni zake zinakaa kichanjani, uchaga wa fito juu ya jiko, zikaushwe na moto wa leo kwa ajili ya kesho. Asiye na kuni kichanjani, alisema Bwana Misitu, ni muuaji aliyevaa aproni.

Nilipikia kambi za Usambara hadi alipokuja Daktari wa Ndege. Ndege wanaotaga, msije mkadhani ni fundi wa uwanjani. Mkanada mrefu, mpole, anakula chochote. Alipopata kazi Papua akasema hataki mpishi mwingine. Nilimuuliza Papua ni wapi, akanionyesha kwenye ramani, nikaona maji tu na kijani. Mume wangu alikuwa ameshafariki, binti yangu anasomea uuguzi, ada inataka mtu. Nikaenda.

Kijiji kilikuwa ndani kabisa. Unashuka kwenye eropleni ndogo, halafu ni miguu yako na matope. Wilaya nzima ilikuwa imeamua kwamba msitu wake hauuzwi wala haukatwi, kwa hiyo barabara haikuwepo na wala hawakuililia. Nyumba juu ya nguzo, mto upande huu, kilima upande ule, na miti imefunga mbingu. Niwaambie kweli, niliuogopa msitu ule. Wa kwetu unanijua. Ule ulikuwa unaniangalia.

Mwenyeji wetu alikuwa Mama Yosina, mjane kama mimi na mwenye mdomo kama mimi. Kimalei chao nilikiokota jikoni kwake. Mara ya kwanza alinipa chakula chao, unga wa shina la msagu, mti wa jamii ya mnazi, uliokorogwa kwa maji ya moto ukawa kama gundi.

"Usitafune," alisema. "Unameza."

"Nikimeza hiki, Mama, utumbo utabandikana."

"Basi kesho hutakula. Faida yangu."

Yeye hakufukiza kwa majani. Alitia sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, unaowaka hata ukilowa, na harufu yake inavuka bonde. Naye ndiye aliyenieleza habari ya kilima. Kilikuwa cha ukoo wake, na kilikuwa kimefungwa. Wanachomeka fito njiani, wanazifunga majani machanga ya msagu, wanaomba dua. Kuanzia hapo hakuna kuwinda, kukata wala kuwasha moto, mpaka wenyewe wafungue.

Siku ninayotaka kuisimulia, Daktari alitoka na Markus, mtoto pekee wa Mama Yosina, ambaye ndiye aliyekuwa akimwongoza. Mchana mvua ikashuka kama iliyotumwa. Mto ukaumuka, rangi ya chai ya maziwa, magogo yanagongana ndani yake kama ng'ombe wanaogombea mlango wa zizi. Njia yao ya kurudi ilipita kando ya mto ule. Sasa njia haikuwepo. Wakati wa kufukiza ulipofika, maji yalikuwa yameingia jikoni kwangu na mafiga yanazama.

Nikachota makaa kwenye sufuria, nikafunika, nikashika njia ya kilima. Kule kukavu, kule juu harufu itasikika. Mama Yosina akanikuta kwenye zile fito. Akaniwekea mkono kifuani.

"Rudi."

"Mama, mwanao yuko huko."

"Aliyemzaa ni mimi. Rudi."

"Utaachia majani yakuulie mtoto?"

Akanishika taya kama unavyomshika mtoto anayekataa dawa. "Sikiliza, mwanamke wa mbali. Kwetu hakuna anayewasha moto hapa. Wanaowasha hapa ni wezi wa magogo, na wale wana bunduki. Markus akisikia kilima kinanuka moshi, atageuka. Atamvuta mzungu wako mbali na sisi, huko huko kwenye maji. Moto unaotaka kumwita nao ndio utakaomfukuza."

Nilikuwa nimebeba kifo chao kwenye sufuria, tena nimekifunika kisizimike.

"Tufanye nini sasa?"

"Moto ukae nyumbani. Akisikia harufu, ajue ni ya mama yake."

Nyumba yake ilikuwa pale pale ukingoni mwa mto. Wenzake wote walikuwa wameshahamia upande wa juu wa kijiji. Sisi tukapanda ngazi. Jiko lake lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa udongo, sakafuni. Nikamwaga makaa, yeye akatia sandarusi, tukararua makuti ya paa moshi upate pa kutokea. Chini yetu magogo yalipiga nguzo, na kila pigo lilipanda kwa nyayo hadi kwenye meno. Yeye alimwomba Yesu na mababu zake. Mimi nilimwomba Mungu peke yake. Mababu zangu walikuwa mbali.

Kuni za kichanjani ziliisha. Akang'oa mlango, akaanza kuupasua kwa panga langu. Nguzo moja ikakatika, sakafu ikainama, sufuria yangu ikateleza ikaingia mtoni.

"Shuka wewe," alisema. "Huna mtoto huko."

"Nishukie wapi? Ngazi imeshakwenda."

Akatazama. Akanisogezea kipande cha mlango nitie motoni.

Tulikuwa tumebakiwa na sandarusi ya kujaa ngumi tuliposikia sauti nyuma ya nyumba, upande wa mteremko. "Mama, unachoma nini, nyumba yote?" Alikuwa Markus, matope hadi nyusi, Daktari mgongoni, mguu wake unaning'inia vibaya. Mama Yosina hakulia wala hakumwita Yesu. Alisema, "Umechelewa. Chakula kimeingia maji."

Mikono yake lakini ilikuwa inatetemeka hivi kwamba Markus ndiye aliyemshusha.

Mguu wa Daktari haukupona sawasawa, kambi ikafungwa. Binti yangu, nesi sasa, alikuwa amepata kazi huku Toronto, akanivuta. Nilipika kwenye jiko la nyumba ya wazee hadi nilipostaafu. Siku ya kwanza pale Supavaiza alinionyesha kengele darini: moshi ukionekana, watu wote nje. Nikacheka peke yangu. Kazi yangu yote ilikuwa moshi, nimekuja nchi ambayo moshi unafukuza watu.

Sasa naishi na binti yangu na mjukuu wangu Tumaini hapa mtaa wa Mount Dennis, ghorofani. Tumaini anasoma chuo kikuu, na ninajisifu kwa hilo mbele ya yeyote. Mnaniuliza kustaafu kukoje. Kustaafu ni hofu isiyo na kazi ya kufanya. Theluji ikishuka nene, na jioni ya huku inaingia giza mapema, nasikia yale magogo. Nawasha taa ya jikoni, nafungua pazia, nasimama dirishani.

"Bibi, unaniona kwenye simu," Tumaini huniambia kwa Kiingereza chake. "Zima taa."

Siizimi. Simu inaniambia yuko wapi. Haimwambii yeye kwao ni wapi.

Majuzi mabasi yalisimama kwa dhoruba na simu yake ikaisha chaji. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, jengo la mbele yetu silioni. Nikasikia funguo mlangoni. Aliingia mweupe hadi kope, akatazama taa, akanitazama mimi, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema, "Nimeona, Bibi."

Nikaficha mikono chini ya khanga.

"Umechelewa," nikamwambia. "Chakula kimepoa."