Samaki Wasio na Vichwa

Wanawake wa Kibuyuni huanika mwani juani, na upepo ukigeuka harufu yake huingia mpaka jikoni kwangu: chumvi, ubichi, na uvundo kidogo usiochukiza. Jirani zangu hufunga madirisha. Mimi huyaacha wazi. Siku hizi mwani huuzwa ng'ambo. Tulipokuwa wadogo ulikuwa chambo tu, na vidole vya Baba vilinukia hivyo hivyo hata alipotushika mashavu asubuhi ya Idi.

Baba alikuwa mvuvi wa malema, ile mitego ya kusukwa kwa fito, ambayo samaki huingia kwa raha na kutoka asiweze. Tulikaa kijiji cha ufuoni karibu na Diani, miaka ya mwanzo ya uhuru. Malema yake hakuyafungia boya. Alisema boya ni kumwita mwizi kwa jina lake. Aliyajua yalipo kwa kutazama alama za nchi kavu, kama ule mti mrefu wa mvinje kando ya msikiti, na maneno yake tuliyaokota tukayafanya mchezo: mvinje ukipanda juu ya msikiti, tua. Tuliyaimba tukiruka kamba, wala hatukujua kwamba tunaimba urithi wetu.

Mama alitangulia, kisha homa ikamchukua Baba. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule darasa la nne. Nyuma yangu walikuwa Riziki na Salimu, kitinda mimba wetu. Baada ya hitima ya arubaini, wazee walikaa kutugawa: Riziki aende Vanga kwa shangazi, Salimu aende Jego kwa jamaa za Mama, na mimi nitafutiwe nyumba ya kufanya kazi. Ami Bakari, mdogo wake Baba, mgane asiye na mtoto, alikuwa ameketi karibu na mlango.

"Hawa wana cha baba yao," alisema. "Malema yapo baharini. Nitayavuta mimi, watakula wao."

Shangazi alimtazama sana. "Haya. Lakini siku malema yakikoma, Bakari, nakuja kuwachukua. Nyumba isiyo na mwanamke hailei watoto."

"Yakikoma, njoo."

Basi tukabaki pamoja. Ami alituletea samaki aina ya tafi, kwa kuwa malema yetu yalipendwa na tafi, na tukala tafi wa kuchoma, tafi wa nazi, tafi wa chumvi. Salimu, aliyedhani samaki wanatolewa na Baba mwenyewe huko aliko, alimwambia siku moja, "Ami, ukimwona Baba, mwambie tafi tumechoka." Ami alicheka mpaka akapangusa macho. Alisema salamu atazifikisha.

Kisha wakaja watu wa kujenga hoteli. Kiwanja kilichokuwa kando ya msikiti kilisafishwa, na mvinje ule mrefu ukaangushwa asubuhi moja. Watoto wote tulikimbilia matawi. Kuni za mvinje zina moto mzuri. Nilizipikia siku nyingi nikiona tumepata bahati. Siku zizo hizo Ami alianza kurudi jua limekwisha kupanda, macho mekundu kwa chumvi, mikono mitupu. Alisema bahari imechafuka.

Halafu siku moja akaleta samaki mwingine, changu. Salimu aliruka ua mzima. "Baba kasikia!"

Nilipokuwa nikimpaa magamba yule changu niliona mdomo wake umechanika pembeni. Nikamwuliza Ami samaki huyu amepatwa na nini. Alimtwaa mkononi mwangu, akamgeuza, akachukua kisu na kukata kichwa.

"Kichwa changu," alisema. "Nyinyi kuleni mwili."

Tangu siku ile samaki wetu wakaja bila vichwa. Ami alikuwa amepata kazi ya kufagia mchanga mbele ya hoteli. Malema, alisema, huyavuta kabla ya kazi. Mshahara wake ulikuwa unga wetu na kaptula za shule za Salimu. Lakini kwetu pwani kila mtu anajua utamu wa samaki uko kichwani, na mtu hapewi kichwa ila kwa heshima. Maneno yakaanza. Kisimani watu walimwuliza Ami kama hata jicho moja hakuwaachia mayatima. Shangazi alipokuja kutoka Vanga alifunua chungu, akakoroga mchuzi kwa upawa, akamwita mbele ya majirani.

"Bakari, huna haya? Samaki wa marehemu ndugu yako, vichwa ule wewe?"

Ami alitazama chini. "Ni ulafi, dada. Nimezaliwa nao."

Shangazi alirudi kwake bila sisi, maana samaki walikuwamo chunguni. Ami akabaki na jina: Mla Vichwa. Hata Riziki alimwita hivyo, na Ami aliitika.

Tulimzika Ami mwaka ambao Salimu alimaliza shule. Baadaye nikaolewa huku Kibuyuni na mvuvi wa mshipi, si wa malema. Samaki wa kwanza aliyeniwekea jikoni alikuwa changu, mdomo umechanika pembeni. Nikauliza kama nilivyouliza utotoni. Mume wangu alinicheka.

"Binti wa mvuvi wewe! Hiyo ni ndoana. Samaki wa lema huja na mdomo wake mzima. Mke yeyote wa mvuvi atakwambia."

Shangazi alikuwa mke wa mvuvi. Angeona kichwa kimoja tu chunguni, angejua malema yamepotea, na jioni ile ile Riziki angekuwa njiani kwenda Vanga. Niliketi na kisu mkononi, mvinje ukianguka tena masikioni mwangu, na mara hii nikaelewa ulianguka na nini.

Salimu nilimweleza akiwa tayari ana wajukuu. Aliuliza neno ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: miaka ile yote, mbali na vile vichwa, Ami alikuwa akila nini?

Nimeitafuta sahani yake katika kila jioni ninayoikumbuka. Siioni.