Fomu Chini ya Mguu wa Meza

Daktari wa chumba namba tatu hatulii: goti linatikisika, kalamu inabonyezwa, na kila anayelalamikia dawa huambiwa, "Mwili utazoea, mama. Maliza dozi." Fomu za njano za kuripoti madhara ya dawa alishazikunja zamani, akazisokomeza chini ya mguu mfupi wa meza. Asubuhi hii Walburga, muuza nyanya wa Mfaranyaki, amerudi midomo imebabuka. "Nimemaliza dozi, daktari, kama ulivyoniambia." Nesi Hilda, aliyesimama mlangoni, anamwona daktari akiinama, akichomoa fomu moja na kuinyoosha kwa kiganja. Anaandika huku meza ikiyumba, goti limetulia. Halafu anainama tena, anachomoa ya pili. "Hilda," anauliza bila kuinua uso, "yule mama wa Matogoro aliyeota malengelenge, naye nilimwambia amalize dozi. Anaitwa nani?"