Mchanga Uliokuwa Uje Jumatatu

Kosa ni langu. Wala halikutokana na ujinga. Ujinga ungenipa pa kujificha.

Hali ilikuwa hivi. Shule moja ya chekechea huko Mutuini ilikuwa na uwanja mtupu wa udongo mwekundu, mgumu kama sakafu. Mimi ni mtafiti wa ukuaji wa watoto. Nafundisha jinsi kuparamia na kuning'inia kunavyojenga mabega, vidole na mizani ya mwili. Nikajitolea kuwachorea uwanja wa michezo. Nilichukua mchoro niliouandaa kwa shule ya mtaa wa kitajiri wa Karen, nikabadilisha jina.

Katika mchoro ule, ngazi ya kuparamia inasimama juu ya tandiko la mchanga lenye kina cha rula nzima. Vipimo vyote vinaanzia juu ya mchanga huo.

Mvua ikanyesha, lori likakwama njiani. Mchanga ungefika Jumatatu. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi.

Fundi aliyechomelea vyuma alinivuta kando. "Daktari, bila mchanga hii si ngazi ya mtoto. Hii ni ya fundi wa paa."

Nilicheka.

Mwalimu wa darasa la wadogo hakucheka. "Neema hata hafikishi mguu hapo chini. Si tungoje tu Jumatatu?"

Niliwatazama wazazi waliokwisha kuketi. "Mwalimu," nikasema, "mtoto hukua kwa kujaribu."

Kauli hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayonitisha hadi leo. Nilichukua neno la kweli nikaliweka mahali pa mchanga.

Neema, ambaye jina lake si hilo, alikuwa na miaka minne. Alijaribu kipago cha kwanza mara mbili, mguu ukarudi chini. Wazazi walikuwa wanatazama. Sasa sikilizeni: kanuni ya kwanza ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba asiyeweza kupanda mwenyewe asipandishwe. Nilimshika kwapani nikampandisha.

Alifika juu kabisa. Watu wakapiga makofi, nami nikageuka kuwatazama.

"Daktari, nishike," alisema nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Nilipogeuka alikuwa chini, mkono wa kulia umelalia upande usiostahili.

Nyanya yake alikuja bila kukimbia. "Si ulituambia hii kitu ni ya kumkuza?" Jibu ninalo sasa, kila ninaposimama mbele ya darasa, nalo halimfai mtu.

Wewe unayewachorea watoto viwanja, pima upya mahali ulipo. Tandiko likikosekana, funga ngazi kwa kamba, wageni warudi nyumbani. Na mtoto asiyefika, mwache chini.

Mchanga uliletwa Jumatatu. Kiwiko cha Neema kilipona kikiwa kimepinda, na kalamu anaishika kwa mkono wa kushoto.