Maji ya Moto kwa Mayai ya Jirani

Mimi ni mtu wa Kadutu, mtaa wa mlimani, na sijui kunyamaza Kadutu ikisemwa vibaya. Kazini kwangu wapo wenzangu wanaokaa Nguba, karibu na ziwa. Nikichelewa kwa sababu ya mvua huniuliza kama nyumba yangu bado iko pale nilipoiacha asubuhi, au imeshateremka mlima. Wanacheka. Nami nacheka kidogo kwa adabu, halafu nawasimulia habari ya mayai, na ninapofika mwisho hakuna anayecheka. Nimeisimulia mara nyingi mpaka mume wangu ameichoka, kwa hiyo sasa naiandika, apate kupumzika.

Jirani yangu wa upande wa kushoto ni mjane. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ukuta wa mabati tu, na mbele yetu sote inapita njia ya mguu inayopanda mlima, njia ambayo hata pikipiki huikubali siku za jua tu. Mama huyu anafuga kuku. Si kuku wa kununua popote. Mama yake mzazi alipofariki kule kijijini Walungu, ndugu zake waligawana shamba na migomba, yeye akaomba kuku wa marehemu. Walimcheka. Akawaleta mjini kwa minibasi, kikapu magotini, akawazalisha, akawalea, na kwa kuku hao akalea watoto wake pia. Alikuwa akitutajia nasaba za kuku wale kama mtu anayetaja nasaba za ukoo: huyu ni mjukuu wa yule mweusi, yule ni dada yake huyu.

Kisha wezi wakaja. Walivunja banda wakabeba kuku wote, hata jogoo. Kilichobaki ni mayai aliyokuwa ameyaweka ndani ya nyumba, katika kuvezi, sanduku la mbao lenye balbu ndani na kidirisha cha kioo, linalototolesha vifaranga kwa joto la umeme. Mayai yale ndiyo yaliyobaki ya kuku wa mama yake. Hakuna mahali pengine duniani ambapo angeweza kuwapata tena.

Tulikwenda kumpa pole. Alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani. Banda liko nyuma ya nyumba, halionekani kutoka njiani, na yeye alikuwa na hakika kwamba wezi walielekezwa na mtu wa hapa kwetu. Alisema wazi, mbele yangu, mbele ya mume wangu:

"Hapa hakuna mutu wa kuamini. Hata moja."

Iliniuma. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kwa hasira, nikamwambia mume wangu kwamba mwanamke yule asinisalimu tena mpaka aombe radhi. Hakuomba, hakusalimu. Tukakaa hivyo, tukipishana njiani kama watu wasiojuana, huku mayai yakiendelea kukua ndani ya sanduku lake.

Kisha mchana mmoja ikaja mvua, na upepo wake ulikuwa mbaya. Iliangusha mawe ya barafu juu ya mabati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Udongo uliteremka, ukabeba sehemu ya njia, na nguzo ya umeme iliyokuwa chini kidogo ya kwetu ikalala chini pamoja na nyaya zake. Mvua ilipokatika, mtaa mzima ulikuwa hauna umeme. Sisi hatushangai umeme ukikatika. Tunazitia chaji simu mapema, tunaweka mishumaa tayari, maisha yanaendelea. Lakini nguzo ikilala, kila mtu anajua hiyo si habari ya saa moja.

Nilikuwa nikisukuma tope nje ya ua niliposikia mtu akipiga hodi. Jirani yangu alikuwa amesimama pale na kikaango kibovu mkononi.

"Maman, naomba moto kidogo."

Kwetu hata watu waliogombana wanapeana makaa ya moto. Ukimnyima mtu moto, mtaa mzima utakusema mpaka uhame. Nikachukua koleo, lakini mdomo wangu haukuweza kujizuia.

"Moto ya kufanya nini saa hii?"

"Mayai. Courant imekatika, na mayai iko karibu kupasuka. Baridi itaua yote."

"Na moto utaweka wapi?"

"Mu chumba, pembeni ya kuvezi. Nafunga mulango, joto isitoke."

Nikaweka koleo chini. Babula ya makala, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa: tumeshazika watu kwa sababu hiyo.

"Unataka tukuzike weye na mayai yako pamoja?" nilimwambia.

Alichuchumaa palepale topeni, kikaango magotini. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku ya wezi. "Sasa nifanye aje?" akauliza. Nami, ambaye dakika moja kabla nilikuwa bado namsubiri aombe radhi, nikajikuta nimemshika mkono. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, na mama yangu alimweka hai kwa chupa za maji ya moto alizozifunga kwa vitambaa na kumzungushia. Nikamwambia kwamba moto tutauacha nje na maji ndiyo yatakayoingia ndani.

Ndivyo nilivyoingia nyumbani kwake. Alifunika sanduku kwa blanketi, akaacha tundu za hewa wazi, na tukapanga chupa na vibidoni, vile vidumu vidogo vya plastiki, vya maji ya moto ndani, pembeni mwa mayai, akiangalia kipimajoto kupitia kioo. Joto likapanda taratibu, likafika mahali pake. Tatizo likawa moja: maji hupoa. Sufuria yangu moja na babula yangu moja zisingetosha mpaka nguzo isimamishwe, na makala yangu mengi yalikuwa yamelowa.

Nilitoka nikasimama njiani, nikaita. Nina sauti, namshukuru Mungu. Niliwaita wa juu na wa chini, nikawaambia mayai ya mama huyu yanakufa kwa baridi na tunataka maji ya moto. Nilidhani labda baadhi watanuna, kwa maana maneno yake ya kutokuwa na mtu wa kuamini yalikuwa yamepanda na kushuka mlima mzima. Hakuna aliyenuna. Watu walikuwa wametoka tu kuondoa tope nyumbani mwao, mabati ya wengine yametoboka, na makala makavu yalikuwa adimu kuliko nyama. Hata hivyo moshi ukaanza kutoka ua baada ya ua. Niliona mwanamke akiondoa chungu cha maharagwe ambayo hayajaiva, akabandika maji. Wanaume walijipanga pale njia ilipomomoka, wakapokezana bidoni mkono kwa mkono, kwa sababu hakuna aliyeweza kupita pale akiwa amebeba kitu bila kuteleza.

Sasa nisimulie ujinga wetu, maana ni ujinga ambao naamini ungetokea kwetu tu.

Sisi hatumpelekei mtu kitu kilichopoa. Mgeni ukimpa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiwa baridi, umemtukana. Kwa hiyo kila nyumba ilipochemsha maji iliyachemsha mpaka yakaruka, na kila mmoja alimwangalia mwenzake asije akaonekana yeye ndiye aliyeleta maji ya vuguvugu. Wengine walifunga bidoni kwa vitenge ili yafike yakiwa vilevile. Yaliingia ndani mfululizo, na jirani yangu, kwa aibu na shukrani, hakuthubutu kumwambia mtu hapana. Niliporudi kutoka kuita watu, nilimkuta amesimama mbele ya kioo, na kipimajoto kimepita kabisa alama aliyokuwa amenionyesha. Mayai yalikuwa yanaelekea kupikwa.

Nilifungua kifuniko, nikatoa vibidoni vile nikiungua vidole, na nikapiga kelele mpaka nje.

"Munataka batoto ba kuku ao munataka mayai ya kuchemsha?"

Wa mbele wakaanza kucheka, na kicheko kikateremka kwenye foleni yote hadi kwa wale waliokuwa hawajui kinachochekwa. Aliyekuwa na bidoni mlangoni wakati huo alikuwa jirani yetu wa juu, ambaye mfereji wa bati lake unamwaga maji katika ua wangu tangu tulipohamia, na ambaye tumeshagombana naye kwa jambo hilo mara zisizohesabika. Nikachukua bidoni yake, nikamwaga nusu, nikajaza maji baridi.

"Unamwanga maji yangu?" akaniuliza, macho yamemtoka.

"Iko moto sana, maman."

"Iko moto juu nimeichemsha! Miye siwezi kuletea mwenzangu maji ya baridi sawa vile niko na roho mubaya."

"Basi leta na roho yako muzuri, lakini maji tuichanganye."

Akafyonza, akageuka akapanda mlima. Nilijua nimempoteza. Muda si mrefu akarudi, bidoni mkono mmoja, termosi mkono mwingine, akanikabidhi vyote bila kunitazama.

Baada ya hapo nilikaa mlangoni, na hakuna maji yaliyoingia bila kupita kwangu. Nilitumbukiza kiwiko cha mkono, kama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga, nikachanganya, nikaingiza. Nikichoka, alikaa mama mwingine, na kiwiko chake. Mume wangu alilalamika kwamba anakula bugali ya baridi wakati makala yake yanawapasha joto kuku wasiozaliwa. Alilalamika hivyo huku akiwa ameshika pepeo mbele ya babula, anapepea. Zamu zilijipanga zenyewe. Usiku wale wa nyumba za chini walichukua, alfajiri wale wa juu, na siku iliyofuata hivyohivyo. Nyumba ile iliyokuwa imefungwa kwa watu wote ikawa haina hata muda wa kufungwa mlango.

Nilimwangalia sana jirani yangu katika saa zile. Mwanzoni alimfuata kila aliyeingia kwa macho, mikono yake, mifuko yake. Sikumlaumu. Labda mtu aliyewaelekeza wezi alikuwa kweli ni mmoja wetu, labda hata alishika bidoni katika foleni ile. Hilo sijalijua mpaka leo. Kisha nikamkuta amesinzia kwenye kiti pembeni ya sanduku, kichwa kimeangukia ukutani, na chumba kimejaa watu.

Siku ya tatu asubuhi tulisikia sauti ndani ya sanduku. Ndogo, ya kugonga. Jirani yetu wa juu, yule wa mfereji, ndiye aliyekuwa na zamu, na alitoka mlangoni ameziba mdomo kwa mikono miwili, analia. Ganda la kwanza lilipasuka, akatoka kifaranga amelowa, mbaya wa sura, hana hata nguvu ya kusimama. Mwenye mayai aliinama karibu na kioo akamtazama, kisha akasema kwa Kimashi, lugha ya kwao, neno la kumkaribisha mtu nyumbani. Wakaja wengine. Yapo mayai ambayo hayakupasuka kamwe, na nadhani yaliharibika katika ile saa ya fahari yetu. Hatukuficha. Naye hakutulaumu kwa hilo, wala siku ile wala baadaye.

Mchana mayai kadhaa yalikuwa bado yanagongwa kutoka ndani, na maji yalikuwa yanapoa, umeme uliporudi. Kule kwetu umeme ukirudi mlima mzima hupiga kelele kwa pamoja, watoto na watu wazima, kama goli limefungwa. Mimi pia nilipiga. Balbu ya chumbani kwake iliwaka juu yetu, redio ya mtu ikaanza kuimba, na mimi nikakimbilia waya wa kuvezi, nikauchomeka ukutani, nikashika swichi. Tumemaliza, niliwaza. Mikono yangu imepona.

Akanishika mkono kabla sijabonyeza.

"Acha, maman."

"Courant imerudia!"

"Naiona. Hii courant inakuya, inaenda, hata hainijui." Alichomoa waya, akauweka juu ya sanduku, akachukua kibidoni kilichopoa akanipa. "Hii mayai yenye kubakia, tuimalize na maji yenu."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikajiona mrefu kuliko mlima. Nilitoka, na wale waliokuwa njiani wakaniuliza kama basi, wazime moto sasa. Nikawaambia hapana, mama bado anataka maji. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nikaingia kwangu, na chini ya taa inayowaka nikabandika sufuria juu ya makala.